Gauni Moja, Sherehe Nne: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kurudia Nguo za Harusini

Kadi ya mchango ikishaingia kwenye simu, mwanamke wa hapa Dar es Salaam hujiuliza mambo mawili: nitatoa ngapi, na nitavaa nini? Msimu ukichanganya, yaani baada ya Pasaka, baada ya Idi na Desemba nzima, mtu anaweza kuwa na kicheni pati Ijumaa, sendofu Jumamosi na harusi wiki inayofuata. Maswali yaliyopo hapa ni yale ambayo wateja hunirudia kila msimu wakiwa wamekaa kwenye benchi la cherehani. Nikisema mapambo, ninamaanisha chochote unachoongeza juu ya nguo: kilemba, mkanda, mtandio, hereni, mkufu, koti, pochi, viatu.

## Mambo ya kuanzia

Watu hawatanisema nikirudia gauni?

Watakusema kama umelirudia lilivyo, kuanzia hereni hadi kiatu. Lakini fikiria wewe mwenyewe: shangazi wa bwana harusi wa mwezi uliopita alivaa gauni la mshono gani? Hukumbuki. Unakumbuka kilemba chake kilikuwa kirefu na kilimziba mtu aliyekaa nyuma.

Ukumbini watu hukaa mezani, na kuanzia kiunoni kwenda chini uko nyuma ya kitambaa cha meza. Picha za simu nazo hukukata hapo hapo. Macho ya watu hushika sehemu tatu: kichwa, shingo na kiuno. Ukibadilisha mbili kati ya hizo, wengi wataona nguo nyingine. Ukibadilisha zote tatu, hata shoga yako atakuuliza umeshona wapi.

Gauni gani linafaa kuwa la msingi?

La rangi moja, lisilo na shanga wala vito vilivyoshonewa kifuani, lenye shingo ya kawaida na kitambaa kizito kidogo kinachoanguka vizuri, kama krepu au satini nene. Gauni lenye mawe yanayong'aa kifuani limeshamaliza maneno yake. Ukiliongezea mkufu vinagombana, na kila atakayeliona atalikumbuka.

Rangi zinazovumilia kurudiwa ni zile zilizokolea: kijani cha chupa, bluu nzito, damu ya mzee, kahawia. Nyeupe mwachie bibi harusi. Nyekundu ya kuwaka na njano ya kuwaka hukumbukwa haraka mno. Mikono ikiwa mifupi au haipo kabisa ni bora, kwa sababu juu yake unaweza kuweka koti, shati au mtandio bila kuonekana umejifunika shuka.

Nina pesa ya kitu kimoja tu. Ninunue nini?

Kipande cha kitenge, yadi mbili. Wengi wanategemea niseme mkufu, lakini mkufu unakaa shingoni tu. Yadi mbili za kitambaa zinakaa kichwani, kiunoni, begani, na zikichoka zinakuwa kipochi.

Kitenge cha kawaida kina upana wa takribani inchi 45, na yadi mbili ni inchi 72. Kikate kwa urefu: kipande cha inchi 27 kiwe cha kilemba, kilichobaki cha inchi 18 kiwe cha mkanda. Hicho cha inchi 18 kikunje mara tatu kwa urefu, upige pasi, utapata mkanda wa upana wa inchi 6. Kiuno cha inchi 32 kikizungukwa mara moja, inabaki inchi 40 ya kufunga fundo au ua, nusu mita kila upande. Muombe fundi apige pindo kingo zote, maana nyuzi zikianza kutoka mbele ya kamera, hazina adabu.

Dar utakipata Mtaa wa Uhuru na Kariakoo kwa ujumla. Kabla hujalipa, muulize muuzaji kama atakukatia yadi mbili, kwa sababu wengi huuza yadi sita nzima. Akigoma, ingia na wenzako wawili mgawane.

Kweli inaokoa pesa, au ni kujifariji?

Tupige hesabu. Chukulia gauni jipya, kitambaa na ufundi, ni shilingi 90,000. Sherehe nne, magauni manne: 360,000. Sasa chukua gauni moja la 90,000, kitenge cha yadi mbili 12,000, mkanda wa mtumba 5,000, seti mbili za hereni na mkufu 20,000, na koti la lasi la kushona 35,000. Jumla 162,000. Umebakiwa na 198,000, na hiyo ni michango ya watu kadhaa.

Hatari iko kwenye vitu vya elfu tano tano. Nimemwona mteja aliyekuja na mfuko wa hereni, bangili na mikoba akijisifu kwamba hajashona gauni mwaka mzima, na tulipojumlisha ilikuwa pesa ya magauni matatu. Mpaka wangu ni huu: mapambo yote kwa pamoja yasizidi bei ya gauni lenyewe. Kwenye mfano wa hapo juu mapambo ni 72,000, kwa hiyo bado uko salama.

## Kupanga sherehe kwa sherehe

Nimealikwa kuanzia kicheni pati hadi kuvunja kamati ya harusi hiyo hiyo. Nivae vipi gauni moja mara nne?

Anza kwa kujiuliza nani atakuwepo. Kicheni pati ni wanawake. Sendofu imejaa upande wa bibi harusi. Harusini wapo wote, na kuvunja kamati ni wachache wanaojuana. Anayekuona mara zote nne ni mwanakamati mwenzako, naye pia anatafuta cha kuvaa.

Chukua gauni la kijani cha chupa, refu, lisilo na mikono. Kicheni pati livae na kitenge chako: mkanda mpana kiunoni, kilemba kichwani, hereni za shanga, sendo. Utacheza, kwa hiyo viatu virefu viache nyumbani. Sendofu weka koti la lasi la mikono mirefu juu yake, kichwa wazi, nywele zimebanwa nyuma, hereni ndogo, kipochi cha mkononi. Harusini vua koti, vaa mkufu mkubwa wa kukaa karibu na shingo, nywele zote juu, mkanda mwembamba wa dhahabu, viatu vya kuchuchumia. Hapo ndipo gauni lenyewe linaonekana kwa mara ya kwanza, ingawa umelivaa mara ya tatu.

Kuvunja kamati ndiko ninakokupenda zaidi. Chukua shati jeupe la pamba, hata la mume wako, livae juu ya gauni. Vifungo vya juu viwili acha wazi, vya chini usifunge, ncha mbili za shati zifunge fundo kiunoni. Kunja mikono hadi kwenye kiwiko. Gauni limekuwa sketi. Kaa, simama, zunguka mbele ya kioo kabla hujatoka, kwa sababu fundo likikaa chini ya kiuno tumbo linaonekana kubwa kuliko lilivyo. Lipandishe vidole viwili.

Familia imetangaza sare. Nitakwepaje gharama?

Ukiwa ndugu wa karibu, usikwepe. Sare ni heshima, na kukosa kwako kutaongelewa kuliko nguo yoyote ya kurudia. Unachoweza kukwepa ni kushona kitu kitakachovaliwa siku moja. Mwambie fundi asishone gauni, ashone blauzi na sketi. Baada ya harusi, blauzi inavaliwa na suruali ya jinzi au sketi nyeusi ya kazini, na sketi inavaliwa na shati jeupe. Kitambaa kikibaki, kisiachwe kwa fundi. Kinafaa kilemba.

Kama uko kwenye kamati, pendekezo langu ni sare ya kichwani peke yake. Mnachagua rangi, mathalani bluu nzito, kila mtu anakuja na gauni lake la rangi hiyo, na kinachonunuliwa kwa pamoja ni kilemba au mtandio wa aina moja. Kwenye picha mnaonekana kundi moja. Kila mtu analipia yadi mbili, na mama mwenye watoto watano wa kuvisha atawaombea dua.

Kwa harusi za Pwani, ambako wanawake wanakaa peke yao, mambo ni hayo hayo?

Kwa kiasi, na kuna mlango mwingine wa kubana matumizi. Zanzibar, Mombasa, Tanga na hata hapa Dar, unafika ukiwa na buibui na unavua ukiwa ndani. Buibui jeusi la kufunguka mbele, likiwa na tarizi kidogo kwenye mikono, lenyewe ni koti: liache wazi juu ya gauni la kawaida na umepata vazi la ndoa asubuhi. Jioni kwenye kupamba unalivua, gauni linabaki na mkufu na hina.

Hina, asumini na kikuba ni mapambo ambayo hakuna mtu atakayekwambia umeyarudia. Asumini ya jana imeshanyauka, ya leo ni mpya. Kikuba cha asumini na mrehani kikibanwa kifuani, gauni la mwaka juzi linanukia harusi. Angalizo moja: piko nyeusi inayochanganywa na rangi ya nywele inaweza kuunguza ngozi na kuacha makovu. Tumia hina ya majani, hata kama itachelewa kukolea.

## Mapambo yenyewe

Kilemba changu huteleza kabla ya chakula kuja. Nakosea wapi?

Mara nyingi kosa ni kitambaa. Satini na hariri huteleza juu ya nywele, hasa rasta za kusuka zilizopakwa mafuta. Kitenge kipya kigumu hushika. Ukitaka satini, vaa kwanza kofia nyembamba ya pamba au funga kitambaa cha pamba chini yake.

Kosa la pili ni kuanza kufunga juu mno. Kunja pindo la kitambaa vidole vinne, weka katikati yake chini kabisa ya kisogo, vuta ncha mbili mbele juu ya paji la uso, zipishane, kaza, kisha zirudishe nyuma au zifanye ua upande. Pini mbili ndogo nyuma ya masikio. Tikisa kichwa kwa nguvu ukiwa bado nyumbani. Na kwenye ibada au ukumbini, ukikaa mstari wa mbele, fanya kifupi. Shangazi wa pale juu ulishamsikia.

Mkufu gani unakwenda na shingo gani?

Shingo ya V inataka mkufu wenye kidani kinachoangukia ndani ya V. Shingo ya duara iliyo juu haitaki mkufu mfupi. Iache, vaa hereni kubwa, au weka mkufu mrefu wa kufika tumboni. Mabega wazi yanataka mkufu wa kukaa shingoni. Kama hereni zinagusa mabega, shingo ipumzike. Kuvaa vyote vikubwa ndiyo njia ya haraka ya kufanya vitu vya bei rahisi vionekane vya bei rahisi.

Naweza kuchanganya dhahabu na fedha?

Unaweza, kama kuna kitu kimoja chenye rangi zote mbili cha kuviunganisha, kwa mfano saa. Bila hicho inaonekana ulivaa gizani.

Cheni za Kariakoo zinaniachia kijani shingoni. Nifanye nini?

Nyingi zimetengenezwa kwa mchanganyiko wenye shaba na kupakwa rangi ya dhahabu juu. Rangi ikichubuka, shaba inakutana na jasho na kuacha ule ukijani. Ngozi inasafishika kwa sabuni. Nguo ndiyo shida: mimi mwenyewe niliwahi kuharibu kola ya blauzi ya krimu kwa mkufu wa siku moja, na doa lile halikutoka mpaka nikashonea lasi juu yake.

Paka ndani ya mkufu rangi ya kucha isiyo na rangi, acha ikauke kabisa, rudia mara mbili. Jipulizie manukato kwanza, subiri yakauke, ndipo uvae. Ukirudi, ufute kwa kitambaa kikavu na uuweke kwenye kimfuko cha nailoni kilichofungwa. Ukiona muwasho na vipele badala ya ukijani tu, huenda ngozi yako haipatani na nikeli. Acha kuvaa hicho kitu hata kama kinapendeza, na rangi ya kucha isikudanganye.

Je, ninahitaji viatu vya kila gauni?

Hapana. Jozi moja ya rangi ya dhahabu iliyopoa au rangi ya ngozi yako inakwenda na karibu kila kitu. Harusi ikiwa bustanini chagua kisigino kinene, vyembamba vinazama kwenye nyasi.

Mume wangu ana suti moja tu. Naye anasaidika?

Kuliko wewe. Suti ya bluu nzito au kijivu ina mambo mengi: leo shati jeupe na tai, kesho shati la rangi bila tai, keshokutwa koti la suti na suruali nyingine. Mshonee tai na leso ya mfuko wa kifuani kutokana na mabaki ya kitenge chako, muonekane mmetoka nyumba moja. Kizibao cha kitenge ndani ya koti kinabadilisha suti nzima.

Kitu ambacho wanaume hawakifikirii ni vifungo. Badilisha vifungo vya plastiki kwa vya rangi ya shaba au vya pembe. Fundi atamaliza ukimsubiri. Kwa anayevaa kanzu, kinachobadilika ni kofia na koti. Kofia ya viua iliyotariziwa kwa mkono ina bei yake, lakini itavaliwa kwenye nikahi za ukoo mzima, na mwanawe ataiomba.

## Hali ngumu kidogo

Picha zangu na gauni hilo zimeshasambaa kwenye kundi la WhatsApp. Bado nilirudie?

Ndiyo, ila zifungue hizo picha uzitazame. Andika sehemu ipi ya gauni imeonekana zaidi. Kama ni kifua, safari hii funika kifua kwa koti au mtandio. Kama ni mgongo, basi nywele ziachie. Mtindo wa nywele ubadilike kwa vyovyote, maana ndio unaoonekana kwenye kila picha.

Nina mimba ya miezi saba.

Mkanda upandishe, ukae chini ya matiti na juu ya tumbo, uwe laini wa kitambaa. Gauni likibana tumboni, zipu ikae wazi mgongoni na koti la lasi lifunike, hakuna atakayejua. Ukishajifungua na kuanza kunyonyesha, mikufu mirefu na hereni za kuning'inia weka pembeni. Mtoto atazivuta na zitakatika.

Mama wa bibi harusi naye arudie?

Hapa nabadilika. Mama mzazi na msimamizi wanapigwa picha karibu sawa na maharusi, na picha hizo zitakaa ukutani. Ashone, au akodi. Abane matumizi kwenye sendofu, kwa mpango ule wa sherehe nne.

Ni sawa kuazima mapambo?

Ni sawa, ingawa wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Azima mkoba, mkanda, kilemba. Usiazime dhahabu halisi. Hereni moja ikidondoka ukumbini, undugu unaingia doa na deni unalo. Ulichoazima kirudishe kabla hujaombwa, kikiwa safi, na usimpe mtu wa tatu.

Gauni langu la msingi limepata doa la mafuta ya pilau.

Usilisugue kwa maji. Mwagia poda ya mtoto au unga, acha ufyonze kwa saa kadhaa, kung'uta, kisha paka sabuni ya vyombo kidogo na uoshe. Jaribu kwanza upande wa ndani wa pindo uone kama rangi inatoka. Doa likikataa na liko kifuani, bandika ua la kitambaa juu yake. Likiwa karibu na pindo, fundi atapunguza urefu. Pasi isipite juu ya doa kabla halijatoka, na kama kitambaa ni poliesta tumia moto mdogo, kinayeyuka.

Nitajuaje kwamba gauni limefika mwisho?

Likianza kung'aa pale unapokalia, na mishono ya ubavuni ikionyesha nyuzi ukinyoosha mikono. Usilitupe. Gauni refu likikatwa magotini unapata gauni la kwenda kanisani au kazini, na kipande cha chini kinatoa mkanda na kilemba cha rangi moja na gauni jipya utakaloshona. Mwambie fundi mapema kwamba mabaki unayataka, tena simama hapo hapo wakati anakata. Mkasi ukishapita, kijana wa kufagia hana habari na mipango yako.